Alifungwa kwa kanga, familia ikaambiwa ameanguka: uchambuzi wa kisa cha kituo cha wazee Mtwara

Kisa hiki ni cha mfano, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta kituo wala familia nyuma yake. Sheria zilizomo ndizo za kweli, na ni zilezile atakazozifungua hakimu wa Mtwara au Lindi akipelekewa jambo la namna hii.

Bibi ana miaka 78, mjane, mkulima wa korosho kutoka Newala. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono na mguu vimelegea, ulimi umekuwa mzito, lakini akili ni timamu: ukimuuliza jambo anakujibu, mradi umpe muda. Mwanawe wa kiume yuko Dar es Salaam na ndiye anayetuma pesa. Binti yake anaishi Chuno, Mtwara mjini, anauza samaki Feri, na chumba anacholala na wanawe hakina nafasi ya kitanda cha mgonjwa. Yuko pia mjomba wa watoto, mdogo wake Bibi, ambaye kwa mila za huku akisema neno kwenye kikao cha ukoo, wapwa husikiliza.

Mwezi wa sita walimpeleka Bibi kwenye kituo binafsi cha kutunza wazee hapo mjini, nyumba ya kupanga yenye wazee tisa, kwa shilingi 300,000 kwa mwezi zinazolipwa kwa simu. Mtoto wa kiume alisaini mkataba wa ukurasa mmoja. Binti alikuwa akipita Jumapili, na mara nyingi alikuta Bibi ameshaogeshwa, amefunikwa shuka, yuko sebuleni na wenzake. Ilichukua miezi mpaka siku alipopita katikati ya wiki bila taarifa. Akakuta godoro limelowa, Bibi amepungua mwili, mikononi ana alama nyeusi zilizozunguka kama bangili, na mgongoni karibu na makalio kidonda kinachonuka. Mhudumu akasema Bibi alianguka. Bibi akatikisa kichwa, akaonyesha kanga iliyoning'inia kwenye ncha ya kitanda, akasema neno moja: "Wananifunga."

Jioni ile kulikuwa na mapendekezo matatu. Mwenye kituo alitaka yaishe palepale: atamfukuza mhudumu, atarudisha ada ya mwezi mmoja, na familia isaini karatasi kuwa haina dai tena. Mjomba, kwa simu kutoka Newala, aliona ni vema, kwa sababu kesi inaweka aibu ya mama yao hadharani. Mtoto wa Dar es Salaam alitaka picha zitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha zisambae mpaka kituo kifungwe. Binti alitaka bajaji ya kwenda polisi na hospitali ya Ligula.

Binti ndiye aliyekuwa sahihi, na si kwa sababu ya uchungu wake tu. Nitaeleza kwa nini, maana familia nyingi zinaanzia kwa mjomba au kwa mtoto wa Dar es Salaam, na zikifika kwa wakili wiki sita baadaye, nusu ya kesi imeshapona pamoja na michubuko.

Nani mwenye kesi

Hapa pana madai matatu yenye wenyewe watatu tofauti, na ukiyachanganya unayaharibu yote. La kwanza ni jinai. Bibi ni mlalamikaji na shahidi, lakini kwa makosa mazito kesi inakuwa ya Jamhuri, na hakuna mjomba anayeweza kuifuta kwa kikao. La pili ni mkataba, na hilo ni la mtoto wa kiume, kwa kuwa ndiye aliyesaini na kulipa. La tatu ni madhara yaliyofanyika kwenye mwili wa Bibi kwa uzembe au kwa makusudi. Hilo ni la Bibi mwenyewe. Hakuna mtoto anayeweza kulisamehe kwa niaba yake wakati akili yake ni timamu. Karatasi aliyoiandaa mwenye kituo ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mtoto, haikuwa na nafasi ya kidole cha Bibi. Hata kama ingesainiwa, ingegusa dai la pili tu, lililo dogo kuliko yote.

Mjomba ana heshima yake, na kikao chake kinaweza kuamua Bibi ataishi kwa nani. Mbele ya mahakama hana nafasi ya kipekee, isipokuwa Bibi mwenyewe amteue.

Nayo hoja ya "tuyamalize" isidharauliwe kabisa, maana sheria yenyewe inaitambua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuwapatanisha watu kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya kibinafsi. Mwenye kuruhusu hapo ni mahakama, baada ya shauri kufika mbele yake, wala si mwenye kituo sebuleni kwake. Kwa makosa makubwa mlango huo haupo, na kupokea fedha ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa linalojitegemea. Kwa hiyo familia inayosaini haraka ili "kuepuka mambo ya polisi" inaweza kuwa ndiyo inayoyaita.

Siku mbili za kwanza

Polisi walifungua taarifa, wakampa binti RB, yaani namba ya taarifa yake, na PF3, fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari. Fomu hii ndiyo daraja kati ya kidonda na mahakama: daktari anaandika alichokiona, tarehe na saa, na maoni yake kuhusu kilichosababisha. Hali ikiwa mbaya mgonjwa aanze kutibiwa, fomu ifuate, ila ifuate siku hiyohiyo. Binti alimwomba daktari asiishie kwenye "michubuko na kidonda". Na daktari akaandika kwa kirefu: alama za kifundo cha mkono zimezunguka mkono mzima, jambo ambalo kuanguka hakulifanyi, kidonda cha mgandamizo kimepita ngozi mpaka kwenye tabaka la mafuta, yaani hatua ya tatu kati ya nne, mwili umekosa maji.

Maelezo ya namna hii yana uzito kuliko picha hamsini, kwa sababu kidonda cha mgandamizo kina hadithi yake. Hutokea pale mtu asiyeweza kujigeuza anapolala upande mmoja muda mrefu na damu ikashindwa kupita kwenye nyama iliyobanwa na mfupa. Wauguzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa wa kitandani kila baada ya saa mbili hivi. Haki itendeke kwa upande wa pili pia: mgonjwa mahututi anaweza kupata kidonda hata akitunzwa vizuri, na wakili wa kituo atalisema hilo asubuhi na mapema. Ndiyo maana swali linalofuata ni daftari la kituo. Mgonjwa aligeuzwa saa ngapi, alikula nini, kidonda kilionekana lini, na ni nani aliyearifiwa? Binti aliomba nakala kwa maandishi. Hakupewa, na baadaye ikajulikana daftari lenyewe halikuwepo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaipa mahakama ruhusa ya kudhani kwamba ushahidi uliokuwa mikononi mwa mtu akakataa kuutoa ungemuumiza yeye mwenyewe. Barua ile ya kuomba nakala, yenye muhuri wa kupokelewa, ikawa ushahidi kwa kutojibiwa kwake.

Baada ya hapo yalichukuliwa maelezo ya Bibi. Wengi husema, "Bibi mwenyewe haongei vizuri, nani atamsikiliza?" Sheria inasema kila mtu anaweza kuwa shahidi isipokuwa mahakama ione hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa akili, ikitaja miongoni mwa sababu utoto, maradhi na uzee uliokithiri. Kuwa na miaka 78 peke yake si kikwazo. Na asiyeweza kusema anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, mbele ya mahakama. Kidole kilichoelekezwa kwenye kanga ni ushahidi. Lipo jambo zito zaidi, ambalo familia hazipendi kulifikiria: mtu wa umri huu anaweza kufariki kabla ya kesi kusikilizwa. Maelezo ya maandishi ya mtu aliyefariki, au ambaye hali ya mwili haimruhusu kufika mahakamani, yanaweza kupokelewa kwa masharti, lakini lazima yawe yaliandikwa kwa utaratibu. Kwa hiyo yaandikwe mapema, asomewe, aweke dole gumba, na aliyemsomea ajulikane kwa jina.

Kuhusu zile picha za WhatsApp: picha zibaki kwenye simu iliyozipiga, zisipunguzwe wala kupambwa, na nakala apewe mpelelezi na wakili. Kundi la ukoo halina kazi nazo. Hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na pia, tuseme ukweli, hakuna mama wa Kimakonde anayetaka makalio yake yatazamwe na wapwa kutoka Tandahimba hadi Temeke. Alishavunjiwa heshima mara moja, na wanawe hawana ruhusa ya kuongeza ya pili kwa jina la kumtetea.

Jinai

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina sura maalumu ya wazee, ila ina vifungu viwili vinavyokaa vizuri hapa. Kimoja ni cha shambulio la kudhuru mwili. Kumfunga mtu mikono kwa kanga mpaka ngozi ichubuke hakuhitaji jina jingine. Kosa hili linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo huenda haraka kidogo.

Cha pili kinajulikana kidogo, na kwa maoni yangu ndicho kizito. Mtu anayemtunza mwingine asiyeweza kujitoa kwenye matunzo hayo kwa sababu ya umri au ugonjwa, wala kujipatia mahitaji yake, ana wajibu wa kisheria wa kumpatia mahitaji ya uhai. Haijalishi wajibu huo umetokana na mkataba au vinginevyo. Akishindwa bila sababu halali, na uhai au afya ya yule mtu ikaingia hatarini, ametenda kosa. Kifungu hiki kinapita juu ya kichwa cha mhudumu wa mshahara mdogo kikamfikia aliyeamua kwamba mtu mmoja anatosha kuwalinda wazee tisa usiku kucha. Familia ikishtaki "yule dada aliyemfunga" tu, dada ataondoka, ataajiriwa mwingine, na kanga itabaki kwenye kitanda. Binti alisisitiza maelezo yake yataje idadi ya wahudumu wa usiku, na jalada likapelekwa kwa waendesha mashtaka likiwa na majina mawili.

Kifungu hichohicho kinamfuata pia mtoto au mkwe anayemfungia mzee chumbani nyumbani kwake. Wazee wetu walio wengi wanatunzwa majumbani, si vituoni, na huko hakuna hata mkataba wa ukurasa mmoja.

Mkutano na ustawi wa jamii ulikuwa mfupi. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa si hakimu, hatoi fidia, lakini ndiye mwenye mamlaka ya kuingia, kuangalia wale wazee wanane waliobaki na kuandika ripoti. Ripoti hiyo iliingia kwenye jalada.

Madai ya fedha

Mkataba wa kituo ulikuwa na mistari miwili iliyomtisha mtoto wa Dar es Salaam: "kituo hakitahusika na madhara yoyote yatakayompata mzee" na "mgogoro wowote hautapelekwa mahakamani". Wa pili ni rahisi kuuondoa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano yanayomzuia mtu kabisa kudai haki yake kwa njia ya kawaida ya mahakama. Wa kwanza unahitaji hoja zaidi, lakini haumfungi Bibi ambaye hakuusaini, na hauwezi kumkinga mtu na jinai.

Dai la mkataba lina miaka sita, la uzembe lina miaka mitatu, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Mitatu inaonekana mingi mpaka uanze kusubiri jinai iishe kwanza. Hakuna ulazima wa kusubiri. Faida ya kusubiri ni kwamba hukumu ya mwisho ya jinai inayomtia mtu hatiani hupokelewa kwenye madai kama uthibitisho kamili. Hasara yake ni kalenda. Pia vipimo havifanani: jinai inataka uthibitisho usioacha shaka yoyote ya maana, madai yanaangalia upande upi una uzito zaidi. Mashtaka yanaweza kushindikana kwa sababu hakuna aliyemwona mhudumu akifunga kanga, na bado kituo kikadaiwa kwa sababu kidonda cha hatua ya tatu kilikuwepo na daftari halikuwepo.

Kabla ya kufungua shauri, wakili alifanya kazi ndogo inayookoa kesi nyingi: alitafuta mdaiwa ni nani. Jina lililoandikwa getini si mtu kisheria. Linaweza kuwa jina la biashara, kampuni, shirika lisilo la kiserikali au wadhamini, na kila kimoja kinashtakiwa kwa namna yake. Upekuzi BRELA, wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara, ukaonyesha ni jina la biashara la mtu mmoja, hivyo mwenye kituo akadaiwa yeye binafsi, kwa makosa yake na ya mwajiriwa wake aliyekuwa kazini. Asiye na fedha za wakili anaweza kuanzia kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na kwa kuwa tangu 2021 sheria imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Bibi na binti wangeelewa kinachosemwa juu yao.

Bibi alifungua kwa jina lake. Kama akili yake ingekuwa imeondoka, ndugu angepaswa kusimama kwa niaba yake kwa ridhaa ya mahakama. Kama angefariki, dai lingebaki kwenye mirathi, likisimamiwa na msimamizi aliyeteuliwa, na waliomtegemea wangeweza kudai chini ya Sura ya 310, sheria ya fidia kwa wategemezi wa marehemu.

Fedha za korosho

Hili liligundulika kwa bahati. Minada ilipofanyika, malipo ya korosho za Bibi yaliingia benki kama kawaida. Binti alipotaka kununua dawa, salio lilikuwa karibu na sifuri. Kituo kikatoa karatasi yenye dole gumba la Bibi: "Naidhinisha kituo kupokea fedha zangu kwa ajili ya matunzo." Ada ya mwezi ilikuwa imelipwa na mwanawe tangu mwanzo.

Hapa Sheria ya Mikataba ina kifungu ambacho ningependa kila familia ikijue. Mtu akiwa katika nafasi ya kutawala nia ya mwenzake, na sheria inawataja waziwazi watu ambao akili zao zimeathiriwa na umri, ugonjwa au dhiki ya mwili, kisha akafanya naye makubaliano yanayoonekana kutokuwa ya haki, mzigo unamhamia yeye. Ni juu yake kuthibitisha kwamba hakutumia nafasi hiyo vibaya. Bibi hana kazi ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Mwenye kituo ndiye anayepaswa kueleza kwa nini mtu anayelishwa na kuogeshwa naye aliweka dole kwenye karatasi ya kumpa fedha zote. Taarifa ya akaunti aliiomba Bibi mwenyewe, kwa kuwa benki haitoi siri ya mteja kwa mtoto hata akilia kaunta.

Kama kingekuwa kituo cha Serikali

Jinai isingebadilika. Madai yangebadilika sana. Lazima itolewe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Ukiruka hatua moja, shauri linatupwa kabla mtu hajauliza kuhusu kidonda. Njia isiyo na gharama ni malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Watu hupenda kunukuu Katiba, ibara ya 11, inayotaja haki ya kusaidiwa wakati wa uzee na maradhi. Ni maneno mazuri, lakini ibara ya 7 inasema sehemu hiyo haiwezi kutekelezwa na mahakama. Wakili mwangalifu ataegemea ibara ya 13, inayokataza mtu kuadhibiwa kinyama au kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha. Zanzibar walitunga sheria ya mambo ya wazee mwaka 2020. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, na sera haimpeleki mtu mahakamani. Mtoto ana sheria yake tangu 2009. Bibi yake anaunganishiwa vipande kutoka vitabu vingi, na ndicho tulichofanya hapa.

Kilipofikia

Mhudumu alishtakiwa kwa shambulio. Jalada la mwenye kituo lilibaki kwa waendesha mashtaka. Kwenye madai, usuluhishi ulifanikiwa: mwenye kituo alikubali kurudisha ada, kulipa matibabu yote na fidia kwa awamu mbili, na makubaliano yakasajiliwa mahakamani ili yawe na nguvu ya hukumu, kwamba asipolipa, Bibi anaomba utekelezaji bila kuanza upya. Safari hii karatasi ilikuwa na nafasi ya dole la Bibi, na mjomba alikuja Mtwara kushuhudia.

Mwenye kituo alitaka suluhu ifute pia lile suala la korosho. Bibi alitikisa kichwa. Wakili akaongeza kifungu kwamba makubaliano hayo hayagusi dai lolote linalotokana na karatasi ya fedha, na shauri la pili likaanza kuandaliwa.